UZI: Kishikwambi au Kindle? Kabla hujatoa hela, kapime mafaili yako kwenye fotokopi

Mwenye Steshenari (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Nina steshenari jirani na chuo hapa Morogoro. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuchapa noti, mitihani ya miaka ya nyuma na hukumu za mahakama kwa watu ambao tayari wana kifaa cha kusomea mkononi. Mtu anatoa kishikwambi kipya kwenye begi, ananirushia PDF, halafu anasema nimchapie kurasa zote maana humo haoni vizuri. Inaniuma, kwa sababu ametoa hela ya kifaa na bado anatoa hela ya karatasi. Na kila wiki naulizwa yaleyale: ninunue kipi, Samsung au iPad, Kindle au Kobo (vile vya kusomea vitabu, vyenye kioo cha wino wa kielektroniki), ram ngapi. Nimeona nishushe yote hapa, mwenye kuongeza aongeze.

Swali la kwanza si kampuni. Swali la kwanza ni hili: yale unayosoma kila siku yako kwenye faili la aina gani?

Riwaya na vitabu vingi vinavyouzwa mtandaoni vinakuja kwenye EPUB au ndugu zake. Humo maandishi hayana ukurasa maalumu. Ukikuza herufi, mistari inajipanga upya na kitabu kinaongezeka kurasa, basi. Kwa mafaili ya namna hiyo kioo cha inchi 6 kinatosha kabisa. PDF ni kinyume chake. Ukurasa umeganda vile alivyouacha aliyeutengeneza, na hapa kwetu karibu kila kitu cha shule na kazi kimetengenezwa kwa A4: noti za mhadhiri, silabasi, ripoti, fomu, hukumu za TanzLII (tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania). Ukiuweka kwenye kioo kidogo, ukurasa mzima unasinyaa.

Unasinyaa kiasi gani? Hapa huna haja ya kubahatisha, mashine ya fotokopi inakuonyesha kabla hujatoa hata shilingi ya kifaa. A4 ina upana wa milimita 210. Kioo cha Kindle ya kawaida ya inchi 6 kina upana wa milimita 90 hivi. Kwa hiyo ukurasa unabaki asilimia 43 ya ukubwa wake, na herufi ya saizi 12 unaiona kama saizi 5. Nenda kwa mtu yeyote wa fotokopi, mpe ukurasa mmoja wa noti zako, mwambie apunguze mpaka 43. Soma aya mbili palepale ulipo. Kisha apige ya 51: hiyo ni Kindle Paperwhite ya 2024 yenye inchi 7. Ya 54 ni Samsung Galaxy Tab A9, ile ndogo ya inchi 8.7. Ya 70 ni Galaxy Tab A9+ ya inchi 11. Mashine nyingi zina kitufe cha A4 kwenda A5 ambacho ni 71, tumia hicho. Ya 75 ni iPad ya kawaida ya inchi 11, pamoja na vile vifaa vikubwa vya wino vya inchi 10.3. Simu yako ya inchi 6.5 ukiishika wima iko kwenye 32.

Mtu atauliza mbona Samsung ya inchi 11 na iPad ya inchi 11 hazilingani. Inchi zinapimwa kona kwa kona. Samsung imerefushwa kwa ajili ya filamu, iPad ina upana zaidi, na A4 inakaa vizuri kwenye umbo la pili. Hapo inchi ni zilezile na usomaji ni tofauti.

Karatasi zikiwa mkononi, ile ndogo kuliko zote ambayo bado unaisoma bila kukunja uso ndiyo saizi yako. Gharama yake ni kurasa tano za fotokopi.

Mwenye Steshenari

Naendelea, sasa tuje kwenye wino.

Kioo cha wino wa kielektroniki asili yake ni maabara ya MIT kule Marekani. Kampuni ya E Ink ilianzishwa 1997, Sony wakatoa kifaa chao cha kwanza Japani 2004, Amazon wakaja na Kindle Novemba 2007. Ndani ya kioo hicho kuna vifuko vidogo sana, kila kimoja kina chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji zinazopingana. Umeme ukipita, nyeusi zinapanda juu au zinashuka chini, na zikishakaa zinabaki pale bila umeme wowote. Ndiyo maana ukurasa unaweza kukaa wazi usiku kucha na betri isitikisike. Umeme unaliwa unapogeuza ukurasa na unapowasha taa yake ndogo ya pembeni.

Na kwa kuwa hakitegemei mwanga wa nyuma, jua ni rafiki yake. Ukiwa stendi saa saba mchana, kishikwambi kinakuonyesha sura yako na mawingu, lakini kifaa cha wino kinasomeka kama gazeti. Anayesoma nje, anayesoma safarini, anayesoma saa nyingi mfululizo riwaya au kitabu cha historia, huyo hakuna cha kumbadilishia.

Udhaifu wake usifichwe. Ni kizito kugeuka, kwa hiyo kuvinjari intaneti humo ni mateso. Ukurasa uliopita huacha kivuli hafifu mpaka kioo kijisafishe. Video sahau. Kuna vya rangi siku hizi, mfano Kobo Clara Colour na Libra Colour za 2024, ila maandishi meusi yanapata pikseli 300 kwa inchi wakati rangi zinapata 150, na rangi zenyewe zimepauka. Ramani au mchoro wa moyo wa binadamu kwa mwanafunzi wa biolojia, bado kishikwambi kinashinda mbali.

Halafu hili la betri, maana watu wanadanganyika bila kudanganywa. Amazon wanasema Kindle ya kawaida inakaa hadi wiki 6. Soma maandishi madogo chini yake: ni kwa mtu anayesoma nusu saa kwa siku, intaneti imezimwa. Piga hesabu, ni saa 21 za kusoma. Paperwhite wanasema wiki 12, yaani saa 42. Apple kwa iPad wanasema saa 10. Kwa mwanafunzi anayesoma saa tatu kila siku, Kindle ya kawaida ni wiki moja, Paperwhite ni wiki mbili, iPad ni siku tatu. Tofauti bado ni kubwa, na kwa anayeishi ambako umeme unakatika mara kwa mara tofauti hiyo ina thamani. Ila usinunue ukidhani utachaji mara moja kwa mwezi.

Wakili Mtarajiwa

Mkuu umenigusa penyewe. Niko mwaka wa pili, sheria. Kaka yangu yuko Kanada, anakuja Desemba na ameshanunua Kobo Clara ya inchi 6 kama zawadi. Mimi hukumu zote napakua TanzLII, ni PDF tupu, nyingine kurasa 60. Hiyo Kobo ndiyo imeshakula kwangu?

Mwenye Steshenari

Hapana ndugu yangu, pokea zawadi na umshukuru kaka. Kuna njia.

Hukumu ya A4 ina kingo nyeupe za sentimita mbili na nusu kila upande. Maandishi yenyewe yana upana wa milimita 160 tu. Ukikata kingo zile, asilimia 43 inapanda mpaka 56. Halafu laza kifaa ubavu: sasa unatumia ule urefu wa kioo, milimita 122, na unafika 76. Hapo unasoma nusu ukurasa kwa mara moja, herufi ikiwa kubwa kama kwenye iPad. Kobo ukiiwekea KOReader, ambayo ni programu ya bure, inakata kingo yenyewe na inakumbuka mpangilio wa kila faili. Inaweza hata kuyavunja maandishi ya PDF na kuyapanga upya, ingawa kwenye hukumu zenye tanbihi mpangilio unavurugika, mimi siipendi kwa kazi hiyo. Kukata na kulaza kunatosha.

Ambacho Kobo hiyo haitakupa ni kuandika pembeni. Wewe wa sheria unataka kupiga mstari kwenye sababu ya uamuzi (ratio decidendi), kurudi ukurasa wa 12, kufungua kifungu cha sheria huku hukumu iko wazi. Hilo ni kazi ya kioo kikubwa chenye kalamu. Galaxy Tab S6 Lite inakuja na kalamu yake ndani ya boksi. iPad kalamu unanunua kando, na lazima uulize ni ipi inayokubali toleo lako kwa sababu si kila kalamu ya Apple inaingia kila iPad. Tab A9 na A9+ hazikubali S Pen, yaani kalamu ya Samsung, kabisa, hata muuzaji akuambie nini. Zile kalamu za ncha ya mpira zinafanya kazi kwenye kioo chochote, lakini ni kama kidole kinene, huwezi kuandika noti humo.

Mahesabu ya Toronto

Naomba niongezee hapo kwenye Kobo, mimi natumia huku. Uzuri wake mkubwa ni kuazima vitabu vya maktaba moja kwa moja kwenye kifaa kupitia OverDrive. Lakini lazima uwe na kadi ya maktaba inayoshiriki, na kadi nyingi zinatolewa kwa wakazi wa mji husika. Kwa hiyo mtu wa Dar asinunue Kobo kwa sababu ya sifa hiyo peke yake. Kilichobaki ni kizuri: unachomeka waya kwenye kompyuta, unaburuta EPUB, imeingia.

Mama Wawili

Habari zenu. Nina mtoto wa darasa la nne na mwingine wa awali. Kuna kijana ananiuzia kishikwambi cha watoto, kina kava la sponji, kimeandikwa ram 12, GB 512, Android 14, inchi 10, kwa laki mbili kasoro. Ananiambia hata Samsung hawana ram hiyo. Nichukue?

Fundi wa Aggrey

Dada yangu, shika hela yako kwanza.

Vifaa hivi vinapita mezani kwangu kila siku. Namba zile zimeandikwa kwenye mfumo ili zionekane hivyo. Ndani unakuta ram 2 na hifadhi ya GB 32 au pungufu. Ukijaza picha na video kupita ukubwa wa kweli, mafaili ya mwanzo yanaharibika na hayarudi. Mama mmoja aliniletea cha aina hiyo kikiwa na video za mazishi ya baba yake, sikuweza kuokoa hata moja.

Mambo ya kuangalia dukani kabla ya kulipa. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, ingia mipangilio, sehemu ya kuhusu, utaona kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect. Kikiwa hakijaidhinishwa, rudisha. Weka programu ya CPU-Z uone jina la prosesa na ukubwa wa kioo kwa pikseli. Kioo cha inchi 10 chenye 1024 kwa 600 ni kama pikseli 119 tu kwa inchi, herufi za kitabu zinatoka na meno meno. Tab A9+ ina 1920 kwa 1200, ni kama 206. Kisha kiegemeze, kitazame kwa ubavu: kioo cha bei ya chini kinageuka cheusi au rangi zinapinduka. Kama kina sehemu ya laini, piga *#06# upate IMEI (namba ya utambulisho ya kifaa), itume kwenda 15090, TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) watakujibu ni kifaa gani. Jibu lisipolingana na kilichoandikwa mgongoni, ondoka.

Na wakikwambia ram 4+4 au 8+8, ile ya pili ni hifadhi inayotumika kusaidia ram, haina kasi ya ram. Hesabu namba ya kwanza tu.

Mwenye Steshenari

Asante fundi, hili ulilolieleza watu walichapishe na kulibandika ukutani.

Dada Mama Wawili, kwa darasa la nne kifaa cha wino hakimfai. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vilivyopo kwenye maktaba yao ya mtandaoni vina picha na rangi kila ukurasa, na ukurasa ni mkubwa. Mtoto anataka aone ramani ya Tanzania yenye rangi zake. Kwa hiyo ni kishikwambi cha inchi 10 au 11 cha kampuni inayojulikana, hata kama ni toleo la mwaka juzi, hata kama ni ram 4. Ram 4 ya kweli inafungua PDF ya darasa la nne bila shida yoyote. Chukua chenye sehemu ya memori kadi, na cha Wi-Fi peke yake kinatosha, utamrushia intaneti kutoka kwenye simu yako pale tu unapotaka awe nayo. Hilo nalo ni ulinzi.

Yule wa awali mpakulie hadithi za African Storybook. Ni za bure, za Kiswahili zipo nyingi, picha kubwa na sentensi fupi, na ukishazipakua hazihitaji bando. Worldreader nao wana programu yao ya BookSmart yenye vitabu vya Kiswahili. Mkae wote wawili msome kwa sauti. Kishikwambi alichoachiwa mtoto peke yake kitaishia kwenye katuni, hilo nimeliona kwa wateja wengi mno.

Mama Wawili

Asanteni sana jamani. Nimeghairi, nitasubiri mwezi ujao nijazie.

Kisauni Mwisho wa Lami

Mimi niko Mombasa. Huku iPad za mtumba kutoka Dubai na Uingereza ziko kwa wingi, bei nzuri kuliko Samsung mpya. Nimepewa iPad Air 2 ikiwa safi, haina hata mkwaruzo. Ni ya kusoma tu na kuangalia barua pepe. Mwasemaje?

Mwenye Steshenari

Usafi wa nje usikuteke. iPad Air 2 ni ya 2014 na mfumo wake umeishia iPadOS 15. iPad ya kizazi cha tano, ya 2017, imeishia 16. Ya sita, 2018, imeishia 17. Haizimiki, inaendelea kufungua PDF ulizonazo, lakini programu moja baada ya nyingine zitaanza kukataa kusasishwa, za benki zikitangulia. Kwa mtumba mimi nisingeshuka chini ya kizazi cha tisa cha 2021, yenye GB 64 kwenda juu. Zile za GB 32 zinajaa na mfumo wenyewe.

La pili, na ndilo kubwa: kufuli la iCloud. Muuzaji aifute yote mbele yako, iwake upya kama imetoka kiwandani, wewe uweke akaunti yako mwenyewe mpaka ufike ukurasa wa mwanzo, ndipo utoe pesa. Ikiomba nenosiri la mtu usiyemjua, hiyo si mali ya anayekuuzia, au mwenyewe hakuitoa kwenye akaunti yake. Akikuambia kuna mtu wa kuifungua kesho, mwachie yeye huyo mtu wa kesho.

Kindle za mtumba zina mtego unaofanana. Hakikisha haijasajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na isajili kwa akaunti yako ukiwa bado mnatazamana. Kisha kagua kioo kikiwa kimezimwa na kikiwa kimewashwa. Kioo cha wino kikishagongwa kinaonyesha mistari au pembe iliyoganda isiyobadilika ukigeuza ukurasa, na hiyo haitoki. Fundi wetu hapo juu atatuambia kama anavyo vioo hivyo.

Fundi wa Aggrey

Sina. Simu za aina zote nina vioo vyake, lakini cha Kindle ni mpaka kiagizwe, na ukijumlisha na ufundi unakaribia bei ya kifaa kizima. Ndiyo maana nawaambia wenye navyo wanunue kava gumu siku hiyo hiyo, wasikitie kwenye begi moja na laptopu bila kava.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Wanangu, nawasoma kwa makini. Mimi nilistaafu kabla ya vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu, kwa hiyo kifaa cha namna hii sijawahi kumiliki. Macho yamepungua nguvu. Ninachotaka ni kusoma msahafu baada ya alfajiri, magazeti, na vitabu vya historia ya pwani. Wajukuu wanataka kunichangia. Niwaambie kipi?

Mwenye Steshenari

Shikamoo mwalimu. 

Kwa hayo matatu uliyoyataja, kishikwambi cha inchi 10 au 11. Gazeti la PDF lina ukurasa mkubwa kuliko A4, kwa hiyo hata kwenye inchi 11 utahitaji kukuza kwa vidole viwili na kusogeza safu kwa safu. Kwenye kioo cha wino kusogeza huko kunachosha sana kwa sababu kila msogeo kinajichora upya. Kwenye kishikwambi ni laini. Vitabu vya historia vikiwa EPUB utakuza herufi unavyotaka, na vikiwa PDF iliyopigwa picha kutoka kitabu cha zamani, kioo kikubwa ndicho kitakachokusaidia.

Wajukuu wakikuwekea, wapunguze mwanga wa kioo usiku na waweke rangi ya joto, na wazime arifa zote ili usome kwa utulivu. Wenye kujua zaidi juu ya msahafu watanisaidia.

Mkaazi wa Matrah

Mwalimu, shikamoo kutoka Muscat. Kuhusu msahafu, chukua ile PDF ya chapa ya Madina yenye kurasa 604, kila ukurasa unaishia mwisho wa aya, ndiyo hiyohiyo uliyoizoea msikitini. Karatasi yake ya saizi ya kawaida ni sentimita 14 kwa 20. Kwenye iPad ya inchi 11 kioo kina upana wa karibu sentimita 16 na urefu karibu 23, kwa hiyo ukurasa mzima unaonekana mkubwa kidogo kuliko wa karatasi. Kwenye Samsung ya inchi 11 unakuwa mkubwa kwa kiasi kidogo tu. Mama yangu ana miaka sabini na kitu, anasoma hivyo kila siku, na kishikwambi anakiegemeza kwenye marufaa yake ya zamani, hakishiki mkononi. Kile cha wino cha inchi 7 nilimjaribishia, ukurasa unatoka robo tatu ya ule wa karatasi, akawa hazioni irabu vizuri.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Marahaba nyote wawili. La irabu ndilo nililokuwa naliogopa. Nimewasomea wajukuu ujumbe huu wote na wameelewa.

Mwenye Steshenari

Ahsante ndugu wa Matrah, hilo la marufaa nimelipenda. Kishikwambi cha inchi 11 kinakaribia nusu kilo, Kindle ni kama gramu 158. Kwa anayesoma amelala chali au ameshika kwa mkono mmoja kwenye daladala, uzito huo unausikia baada ya dakika chache. Yeyote anayechagua kikubwa apange pia mahali pa kukiegemeza.

Wakili Mtarajiwa

Nimerudi. Nimepiga zile kurasa. Ya 43 siwezi, ya 51 naisoma kwa shida, ya 71 iko sawa kabisa. Nimeongea na kaka, Kobo inabaki ya riwaya na hukumu za kulaza ubavu, kisha nikipata boom la semista ijayo naongeza nichukue S6 Lite. Swali la mwisho: mwenzangu chumbani ana Kindle, anasema EPUB zake zote zinakataa. Tatizo ni nini?

Mwenye Steshenari

Anazipeleka kwa waya. Kindle haifungui EPUB iliyoingizwa kwa waya, haitaionyesha kabisa kwenye orodha. Ana njia mbili. Ya kwanza ni huduma ya Send to Kindle, ambayo tangu 2022 inapokea EPUB na kuigeuza yenyewe. Kwa barua pepe mwisho ni MB 50, kwenye tovuti yao ni MB 200. Inahitaji intaneti pande zote mbili. Ya pili ni Calibre, programu ya bure ya kompyuta: anaingiza EPUB, anaigeuza kuwa AZW3, faili ambalo Kindle inalifungua, anachomeka waya na kuituma. Kwa asiye na bando la kudumu, hiyo ya pili ndiyo yangu.

Mwambie na jambo jingine. Vitabu anavyonunua Amazon, zamani aliweza kuvishusha kwenye kompyuta yake na kuvitunza. Njia hiyo waliifunga tarehe 26 Februari 2025. Vingi vinabaki kwenye akaunti na kwenye kifaa. Akiwa mtu wa kununua vitabu kila mwezi na anataka viwe kwenye diski yake mwenyewe, anunue kwa wachapishaji na maduka yanayompa EPUB au PDF mkononi, kisha avigeuze kwa Calibre. Aje nayo laptopu hapa dukani Jumamosi mchana, nitamwekea Calibre na kumwonyesha, simtozi kitu.